Kofia ya Nguzo ya Saba

Kuna ujinga unaosameheka, na kuna ujinga unaovaa fulana ya kampuni na kushika kipaza sauti. Mama Zege alikutana na huo wa pili Jumamosi moja saa nne asubuhi, akiwa kwenye foleni ya watalii, kiatu kimoja kinambana, mkononi kashika tiketi ya kuingia kumwona mumewe.

Mumewe alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini ile tiketi alikuwa ameifinyafinya mpaka haisomeki.

Jina la Mama Zege hakupewa kwa utani. Kwa miaka thelathini alipanda na kushuka ngazi za majengo ya watu akiwa na karai la zege kichwani, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mumewe akiwa juu ukutani na mwiko wake. Huyo mume mafundi wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Akienda kutoa pole msibani, kabla hajakaa ataiendea kwanza picha ya marehemu ukutani aiweke sawa. Alipofariki, tena kwa homa ya siku tatu tu, mkewe hakumwachia mtu kazi ya kaburi. Alifunga kibwebwe akachanganya zege mwenyewe, ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na mchanga akauchekecha mara mbili. Shemeji yake alipoona unene wa lile zege akashindwa kujizuia.

"Shemeji, hili kaburi au daraja?"

"Daraja," akamjibu. "Wewe pita."

Kosa likafanyika moja. Tepu ya kupimia ya Timazi ilikuwa imekatika mwanzoni, sentimita kumi nzima hazipo, na kila aliyefanya kazi naye alijua kwamba ukipima kwa tepu ile lazima uongeze kumi. Siku ile ya msiba, akili haipo nyumbani, Mama Zege akapima boksi la mbao la kumwagia zege bila kuongeza. Nondo zenyewe zilikatwa dukani kwa tepu iliyo nzima. Zilipolazwa ndani ya boksi, tatu zikatokeza upande wa miguuni, urefu wa kiganja. Mbili wakazikata. Walipofika ya tatu msumeno ukakatika, watu walishachoka, ikaachwa hivyo hivyo. Mjane akasema Timazi angekuwa hai angemwamuru abomoe aanze upya, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe afumbe macho. Zege lilipoanza kukaza akachukua msumari akaandika majina matatu ya mumewe na tarehe.

Makaburi yale yalikuwa karibu na korongo, na korongo lenyewe lilikuwa la ajabu tangu enzi za mababu. Udongo wake una mistari myekundu na myeupe, laini kama unga, na humo ndani mvua ilichonga nguzo ndefu zilizosimama peke yake, kila moja na jiwe kichwani kama kofia. Penye jiwe, mvua haiupati udongo wa chini yake. Pasipo na jiwe, udongo wote unakwenda na maji. Mwaka wa mvua kubwa korongo likatanuka, likala barabara, likala nyumba kumi na moja, ya Mama Zege ikiwemo, likamaliza na makaburi. Watu wakahamishwa. Afisa mmoja aliyevaa viatu visafi akawaambia kwenye mkutano kwamba kule makaburini hakuna kilichobaki, wasijisumbue kurudi. Mama Zege akahamia kwa bintiye mji mwingine, na huko akamlilia mumewe mara ya pili, kilio kile ambacho hakuna mtu anayekuja kukupa pole.

Basi wiki moja kabla ya Jumamosi ile mjukuu wake, msichana anayepokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, akamwonyesha picha kwenye simu. Wenzake wa kazini walikuwa wametembelea korongo. Siku hizi pana geti, hoteli, na maduka ya kofia za jua. Bibi akavaa miwani. Nyuma ya wale wasichana waliokenua ilisimama nguzo ya udongo yenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na juu yake bamba bapa lenye pembe nne zilizonyooka. Upande mmoja wa bamba kilichungulia kipande cha chuma.

"Hiyo nondo ni yangu," akasema.

Mjukuu akamtazama mama yake, mama akamtazama mjukuu, kila mmoja akiwaza kwamba uzee umeanza kazi. Lakini ukimkatalia Mama Zege jambo unajitafutia kesi isiyoisha, kwa hiyo Jumamosi wakapanda basi.

Ndiyo wakawa pale, watu kama thelathini wamezunguka kamba, na mwongoza watalii mbele yao, mwanamume mnene mwenye sauti ya tangazo la sabuni.

"Na hii, mabibi na mabwana, ndiyo Nguzo ya Saba, maarufu kama Kiti cha Mfalme! Tazameni hiyo kofia! Jiwe gumu la aina yake, maumbile yenyewe yamelichonga likawa na pembe nne, hakuna mkono wa binadamu uliogusa! Na kile chuma mnachokiona ni mkuki wa mfalme, aliuchomeka pale siku aliyoapa hatashuka tena!"

Watalii wakaguna kwa raha. Mama Zege akajipenyeza mbele mpaka kwenye kamba. Alishaibiwa karai, alishaibiwa ndala, mwaka mmoja aliibiwa hata mlango. Kuibiwa kazi yake ikapewa mvua lilikuwa jambo jipya.

"Sasa sikilizeni," mwongozaji akaendelea, akionyesha ndoo ya kokoto iliyowekwa kando ya kamba. "Chukua kijiwe, omba unachotaka, rusha. Kikitua juu ya kiti, umepata!"

Vijiwe vikaanza kuruka. Vingine viligonga udongo vikabandua vumbi jekundu, vingine vikatua juu kwa mlio mkavu anaoujua yeyote aliyewahi kugonga zege lililokomaa. Watu wakapiga makofi. Mwanamume mmoja mwenye kaptura alikuwa ameshanyanyua mkono arushe cha kwake, akashtukia mkono umedakwa. Mkono wa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, lakini ulikuwa umebeba nusu ya mji kichwani.

"Weka chini hilo jiwe, baba. Unampiga mume wangu."

"Bibi," mjukuu akanong'ona, "watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, si wamelipia kuangalia?" Akamgeukia mwongozaji. "Na wewe. Hilo si jiwe. Hilo ni zege. Nimelimwaga mimi. Na huo mkuki wako ni nondo ya milimita kumi na mbili, imebaki nje kwa sababu msumeno ulikatika. Hapo chini yake kalala mume wangu, hajawahi kuwa mfalme hata wa mtaa, alikuwa fundi mwashi. Hapa pote palikuwa makaburi."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akampiga picha. Mwongozaji naye akacheka kwa kipaza sauti, na kicheko chake kikaenda kugonga ukuta wa korongo kikarudi.

"Bibi yetu ana vituko! Bibi, wataalamu walishakuja hapa wakapima."

"Walipanda?"

"Walitumia darubini."

"Darubini!" Mama Zege akapiga kofi. "Mtu apime zege kwa darubini! Mume wangu angewatandika kwa mwiko."

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho kwenye picha hakikuwepo. Nyuma ya nguzo lilikuwa limesimamishwa jukwaa la mabomba, lenye ngazi, kutoka chini mpaka juu kabisa. Mafundi wawili walikuwa wameketi kwenye mbao za chini na vikombe vya chai. Kando yao palikuwa na mashine ya kutobolea, na kiti cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na miguu yake minne imelala juu ya turubai.

"Hicho kiti cha nini?"

"Aah, hiyo ndiyo habari kubwa!" mwongozaji akawageukia watalii. "Kuanzia Jumatatu mtapanda wenyewe! Mtakaa kwenye kiti, mtapiga picha mkiwa wafalme na malkia! Leo kinafungwa kwa bolti nne, hakitikisiki!"

Bolti nne ni matundu manne. Mama Zege hakuhitaji kuambiwa zaidi. Zege lile lilikuwa limesimama miaka yote hii kwa sababu halikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele. Tundu moja tu, maji yanaingia, yanaifikia nondo, nondo inashika kutu inavimba, zege linapasuka. Mvua ya msimu mmoja ikiupata udongo wa chini, nguzo inaanguka na mumewe ndani yake, na safari hii kweli hakutabaki kitu. Alimzika mara moja kwa mikono na mara moja kwa moyo. Mara ya tatu hakubali.

"Niitie mkubwa wako," akasema.

Meneja alitoka kwenye ofisi ya kontena yenye kiyoyozi, miwani ya jua juu ya nywele, tabasamu limetangulia. Alikuwa mtu wa maneno laini, wale ambao ukimaliza kuzungumza nao unajikuta umeshukuru bila kujua ulichopewa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande.

"Pole sana, mama yangu. Pole mno. Sisi tunaheshimu sana hisia za wenyeji. Sasa, una cheti cha mazishi? Au ramani yoyote inayoonyesha kaburi?"

"Vyeti vilikuwa ndani ya nyumba."

"Na nyumba iko wapi?"

"Imo humo," akasema Mama Zege, akionyesha korongo.

"Unaona tatizo langu." Meneja akafungua mikono. "Kila mtu anaweza kuja akasema nguzo fulani ni ya shangazi yake. Bila karatasi, kwangu hilo ni jiwe. Lakini sikia, mama, una kipaji. Nimekusikia unavyoongea. Tukupe fulana, tukuwekee kiti pale getini chini ya mwavuli, uwe unawasimulia wageni habari zako hizo. Watakupenda kweli."

Mjukuu, ambaye asubuhi yote alikuwa anaona haya, alimwona bibi yake ananyamaza. Mama Zege hakuwa mtu wa kunyamaza. Ile haya ikamtoka yule msichana mara moja, ikabaki hasira tupu.

"Wewe kaka una akili timamu?" akamuuliza meneja. "Anakwambia mumewe yuko pale juu, wewe unampa fulana?"

"Dada, tuongee taratibu."

"Taratibu gani? Nyie mnaurushia vijiwe mwili wa babu yangu!"

Watalii hawakuwa wanacheka tena. Yule wa kaptura alikuwa amekishika kijiwe chake kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu ambebee. Mmoja wa wale mafundi, mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu zilizojaa vumbi, akaweka kikombe chake chini akasogea. Hakumwangalia meneja. Alimwangalia Mama Zege.

"Mama, samahani. Mchanganyiko ulikuwa gani?"

"Moja, mbili, nne."

"Mchanga?"

"Wa mtoni. Niliuchekecha mara mbili."

"Unene?"

"Inchi sita. Watu wanaweka tatu. Nilisimangwa."

Fundi akatikisa kichwa polepole, kama anayehakikishiwa jambo alilokuwa anatamani liwe uongo. Akavua kofia yake ngumu.

"Naomba unisamehe, mama. Pale juu kuna jina."

"Fundi," meneja akasema, "rudi kazini."

"Kuna majina matatu na tarehe. Huyu bosi amepanda juzi, ameyaona kwa macho yake. Akaniambia ni maandishi ya wahuni, niyasage kabla sijatoboa." "Asubuhi hii nimesaga jina la kwanza. Nilipofika la pili mkono ukakataa. Nikawaambia wenzangu tunywe chai kwanza. Tunakunywa chai tangu saa mbili."

Palikuwa na mnong'ono kwenye ile kamba, ukawa kelele. Mwongozaji akazima kipaza sauti chake mwenyewe. Meneja alikuwa bado anatabasamu, maana uso wake haukujua kufanya kingine. Alijua! Mtu huyu alisoma jina la marehemu kwa macho yake mawili, kisha akashuka ngazi akaja kumdai mjane karatasi.

Mama Zege hakumtukana. Nusu ya matusi anayoyajua yalikuwa yamekwisha kumfika kooni, akayameza, maana alikuwa na kazi. Akavua viatu, akamkabidhi mjukuu.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Juu. Ngazi kama hizi nimezipanda nikiwa na mimba ya mama yako." Akamgeukia fundi. "Hilo karai pale lina nini?"

"Saruji na mchanga. Tulikuwa tunajengea misingi ya jukwaa. Bado kavu, naitia maji sasa hivi."

"Nitie kidogo kwenye ndoo, niivute juu kwa kamba. Na mwiko. Na msumari."

"Hakuna anayepanda!" meneja akapaza sauti. "Walinzi! Mtoeni huyu mama!"

Walinzi wawili wakaja wanakimbia. Fundi akasimama mguuni mwa ngazi, na mjukuu akasimama mbele ya fundi, viatu vya bibi kifuani. Juu ya kichwa chake lilikuwa limefungwa bango jekundu lenye nembo ya kampuni. Msichana akalisoma kwa sauti ile ile anayowaitia wagonjwa.

"Kwa usalama wako, mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwa amri ya meneja." Akawatazama walinzi. "Mmoja ameshapanda. Subirini ashuke."

Kweli alikuwa ameshapanda. Alikwenda polepole, mguu, mkono, mguu, na kila bomba alilishika kwanza akalitikisa kabla ya kuliamini, kama alivyofundishwa na Timazi. Magoti yalimuuma mpaka machozi. Chini watu walikuwa wameshusha simu zao.

Juu, mafundi walikuwa wametandika mbao mpaka ukingoni mwa zege, kwa hiyo hakuhitaji kulikanyaga. Alipiga magoti. Akalishika kwa viganja vyote viwili, lilikuwa limepata joto la jua. Halikuwa na ufa. Pembe zilikuwa kali kama siku ile walipobandua mbao. Lakini lilikuwa limejaa kokoto za watalii, mamia yake, kila moja na ombi la mtu asiyemfahamu, na katikati, pale jina la mumewe lilipokuwa, palikuwa na shimo jeupe la vumbi, limesagwa likawa laini. Majina mawili yalibaki, la baba yake na la babu yake. Lake mwenyewe halikuwepo.

Hapo alilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, akizipangusa zile kokoto kwa mtandio wake zikawa zinadondoka korongoni moja moja. Kisha akajipangusa uso kwa mtandio huo huo, akavuta kamba, ndoo ikapanda.

Alilowesha lile shimo kwanza kwa maji ya kunywa yaliyopanda na ndoo, maana saruji mpya haishiki kwenye vumbi kavu. Akajaza. Akasawazisha kwa mwiko. Akakaa kusubiri ikaze kidogo, miguu imekunjwa pembeni, anamsimulia Timazi habari za bintiye na za mjukuu, na za kiatu kinachobana.

"Mama shuka!" meneja alikuwa anapiga kelele chini, tabasamu halipo tena. "Unaharibu kivutio cha asili! Hilo jiwe ni maumbile! Halijaguswa na mkono wa binadamu! Nitaita polisi!"

"Ita," mjukuu akamwambia. "Waje na ngazi yao."

Mama Zege alijaribu saruji kwa ncha ya kidole. Ilikuwa tayari. Akachukua msumari akaandika jina la kwanza la mumewe, herufi kubwa, mstari umenyooka kabisa, maana mtu huyu hata akiwa amekufa hakuandikiwa kitu kilichopinda. Chini kelele ziliendelea, maumbile, maumbile, maumbile. Akatazama akaona saruji bado imebaki ndani ya ndoo. Akaipaka yote chini ya tarehe, akasawazisha, akasubiri, akaandika tena, safari hii bila haraka.

HILI NI KABURI. ZEGE LIMEMWAGWA NA MKEWE.